Helen, Rob na wasikilizaji milioni tano: kisa cha mchezo wa redio uliowatoa watu machozi na hela mfukoni

Jumapili ya tarehe 3 Aprili 2016, wakati wa chakula cha usiku, mwanamke mmoja wa kijijini huko Uingereza alimchoma mume wake kisu. Alikuwa na mimba kubwa, na mwanae wa miaka 5 alikuwa palepale. Kesho yake magazeti makubwa ya nchi yakaandika, redio nyingine zikajadili, watu wakawa wanaulizana kazini kama jamaa amekufa au bado anapumua. Sasa kitu ambacho mgeni angeshangaa ni kwamba hakukuwa na mwanamke wala mume wala kisu, ilikuwa episodi ya dakika 13 ya The Archers, mchezo wa redio wa BBC ambao umeanza kurushwa nchi nzima tarehe 1 Januari 1951 na mpaka leo haujaisha.

Nataka nikipitie hiki kisa cha Helen na Rob, huyo mke na mume wake, chote toka mwanzo, kwa sababu watu wengi wanakijua kwa kile kisu tu, na kisu kwa maoni yangu ndo sehemu dhaifu kuliko zote. Sehemu yenye mambo ni ile miaka miwili na nusu kabla yake, na kile walichofanya mashabiki wakati wahusika wa kijijini wamelala usingizi.

Kwanza mazingira. The Archers inatokea Ambridge, kijiji cha kutunga katika kaunti ya kutunga ya Borsetshire. Mwanzo wake ni wa kilimo kabisa. Mwaka 1948 BBC iliitisha kikao na wakulima Birmingham, chakula kilikuwa bado cha mgao baada ya vita, serikali inataka mavuno yaongezeke, na mkulima mmoja akasimama akasema kinachotakiwa ni kitu cha wakulima chenye msisimko kama Dick Barton, mchezo wa kipelelezi uliokuwa unatamba redioni enzi hizo. Godfrey Baseley akalibeba wazo. Kwa hiyo ukiona huku kwetu mchezo wa redio unachanganya ndoa, wivu na namna ya kupanda mahindi, ujue mtindo ni wa siku nyingi.

Wanawake kwenye huo mchezo wana historia yao ya ajabu kidogo. Tarehe 22 Septemba 1955, usiku uleule televisheni ya kibiashara ya ITV inazinduliwa, The Archers ikamuua Grace Archer, bibi harusi wa miezi michache tu, kwenye moto wa banda la farasi. Wasikilizaji karibu milioni 20 wakalia, na uzinduzi wa wenzao ukafunikwa. Miaka mingi baadaye Ysanne Churchman, aliyekuwa anaigiza Grace, akasema kuna jambo lingine nyuma ya pazia, kwamba yeye alikuwa anadai alipwe sawa na waigizaji wanaume na hilo halikumpendeza bosi. Yaani mhusika anafia kwenye moto wakati mwigizaji mwenyewe kosa lake ni kudai mshahara. Halafu 1967 Jennifer akajifungua mtoto bila ndoa, nchi ikapiga kelele. Na toka 1991 mpaka 2013 mhariri alikuwa Vanessa Whitburn, mwanamke, na chini yake mambo ya kutoa mimba, saratani ya titi na ubakaji yakaingia jikoni Ambridge, na kulikuwa na wasikilizaji walionung'unika kwamba siku hizi wanaume wa kijiji wamegeuzwa mabwege. Malalamiko hayo yaweke kichwani, yatarudi.

Sasa Helen ni nani. Ni binti wa Pat na Tony Archer wa shamba la Bridge Farm, mtengeneza jibini. Louiza Patikas anamuigiza toka mwaka 2000, sauti moja miaka yote hiyo, kwa hiyo msikilizaji amemjua kama unavyomjua mtoto wa jirani. Na amepitia mazito. Kaka yake John alikufa kwa ajali ya trekta mwaka 1998. Mpenzi wake Greg akajiua mwaka 2004. Akapata ugonjwa wa kujinyima chakula mpaka akakongoroka. Baadaye akaamua azae bila mwanaume, akapandikizwa mbegu za mtu asiyemjua, Henry akazaliwa Januari 2011. Na usifikiri mashabiki walimpenda kwa hayo yote, hapana, wengi walimuona msumbufu, mkali, mwenye kujisikia, wa kulalamika kila saa. Hilo ni muhimu sana kwenye hiki kisa. Angekuwa malaika kazi ingekuwa rahisi mno, kila mtu angemuonea huruma siku ya kwanza. Huyu alikuwa mtu ambaye ukisikia sauti yake unasema aah, huyu tena.

Mwaka 2013 akaja Rob Titchener, anaigizwa na Timothy Watson, meneja wa mradi mkubwa wa ng'ombe wa maziwa. Mzuri wa sauti, mpole, anajua kazi, na ana mke wake kwingine anaitwa Jess. Wakaanza ya siri na Helen, baadaye akamwacha Jess, akahamia kwa Helen, na wasikilizaji kibao wakasema afadhali, huyu dada naye apate mtu wa kumtuliza. Mpaka hapo hakuna hata mmoja aliyekuwa anahesabu.

Halafu yakaanza madogo madogo, na madogo yenyewe ndo utamu na uchungu wa kazi hii. Helen amevaa gauni la kutokea, Rob anamtazama, anasema kwa upole kabisa kwamba halimkai vizuri, abadilishe. Helen anabadilisha. Basi, hakuna ngumi, hakuna kelele, kwenye redio unasikia tu kimya kidogo halafu hatua zinapanda ngazi. Siku nyingine chakula hakijapikwa anavyopenda. Siku nyingine Helen kapata ajali ndogo ya gari, Rob anasema mpenzi wangu umechoka, usiendeshe tena, mimi nitakupeleka popote. Anasema jibini waachie wengine, pumzika. Duka jipya la shamba la kina Helen likafunguliwa, na anayelisimamia ni nani, Rob. Wakafunga ndoa Agosti 2015 kwenye kisiwa cha Wight, kimyakimya, bila ndugu. Henry akafundishwa kumwita baba. Na kila Helen akisahau kitu, au akidhani amesahau, anaambiwa kwa sauti ya huruma kwamba si unakumbuka ulivyokuwaga, ule ugonjwa wako, tusije tukarudi kule. Yaani ile historia yote ya Greg na kujinyima chakula, ambayo msikilizaji ameisikia ikitokea miaka kumi iliyopita, huyu bwana ameichukua akaifanya fimbo. Hapa ndo unaona umri wa mchezo unavyofanya kazi, filamu ya saa mbili haiwezi hii kitu, ingebidi ikuoneshe kumbukumbu za zamani kwa haraka haraka. Hapa kumbukumbu ni zako mwenyewe msikilizaji.

Na enzi hizo zilikuwa dakika 13 tu, jioni saa 1 na dakika 2 baada ya taarifa ya habari, Jumapili hadi Ijumaa. Katikati ya hapo anaingia mtu anaongelea mashindano ya maua au ng'ombe aliyepotea, kisha unarudishwa jikoni kwa Helen dakika mbili, kisha unatolewa. Mwendo huo ndo mwendo wa manyanyaso yenyewe yalivyo nyumbani kwa watu, hayaji siku moja na muziki wa kutisha nyuma yake, yanakuja Jumanne, halafu wiki nzima shwari, halafu Alhamisi tena.

Kijiji kilikuwa wapi? Kijiji kilimpenda Rob. Kwenye mafuriko ya Machi 2015 alionekana shujaa, kumbe mtaro uliozidisha yale mafuriko aliuziba yeye. Bibi yake Helen, Peggy, mzee wa heshima zake, alimuona kijana wa maana. Pat, mama mzazi, mwanamke aliyejiita mtetezi wa haki za wanawake toka ujana wake, hakuona kitu, na mimi hilo nadhani ni moja ya maamuzi makali zaidi ya waandishi, kwamba kusoma vitabu vyote vya haki hakukusaidii kama mkwe anakuongelesha vizuri na anakusaidia dukani. Mama yake Rob, Ursula, akaja kukaa hapo kumsaidia Helen na mimba, na msaada wake kila mwenye kuwahi kukaa na mama mkwe wa aina hiyo anaujua, chai anakuletea yeye, mlango anafungua yeye, simu anapokea yeye. Aliyebaki ni rafiki mmoja tu, Kirsty, ambaye alinusa mapema, akafukuzwa kiujanja, akarudi, akampa Helen simu ya siri. Shosti mmoja dhidi ya kijiji kizima.

Mashabiki sasa. The Archers kwa miaka ile ilikuwa na wasikilizaji karibu milioni 5 kwa wiki, na walikuwa na desturi ya Jumapili asubuhi saa 4, ule mkusanyiko wa episodi za wiki ukianza, wanaingia Twitter wote kwa pamoja wanasikiliza huku wanaandika. Mwanzoni ni utani mtupu, watu wanacheka mhusika gani anakula sana keki. Lakini ukifuatilia mazungumzo ya 2014 na 2015 unaona yanageuka taratibu. Mtu anaandika kwamba lile la gauni halijanikaa vizuri. Mwingine anajibu, mume wangu wa kwanza alianza hivyohivyo. Wa tatu anasema mnakuza mambo, jamaa anampenda mkewe tu. Wakabishana miezi. Na wale waliopitia ndo walikuwa wa kwanza kuona, tena walikuwa wanatabiri, sasa atamnyang'anya gari, sasa atamtenga na rafiki, na wiki mbili baadaye kweli inatokea. Wengine walijigundua humo humo, amekaa anamhurumia Helen, ghafla anaona mbona haya ya kwangu.

Unajua kwa nini? Kwa sababu kwenye redio ukiwa na Rob na Helen peke yao chumbani, mtu wa tatu ni wewe. Pat hayupo, Kirsty hayupo, polisi hayupo, wewe upo na umesikia kila neno. Kwa hiyo watu milioni 5 walikuwa mashahidi wa tukio ambalo hakuna mahakama ingeweza kuwaita. Mtu akikaa na ushahidi kifuani mwaka wa kwanza, wa pili, hana pa kuupeleka, lazima atautoa mahali. Wengine walizima redio wakaapa hawarudi, hasa walionyanyaswa kweli, walisema tunalipia kuteswa upya kila jioni, na hao mi siwalaumu hata kidogo. Wengine walitaka ng'ombe wao na maonesho ya kijiji warudishiwe, wakasema BBC imegeuza mchezo wa wakulima kuwa darasa la ustawi wa jamii, na humo ndani zile kelele za zamani za "mabwege" zikasikika tena kwa nguo mpya.

Halafu kukatokea waliofanya kitu. Februari 2016 msikilizaji mmoja akafungua mchango mtandaoni kwa ajili ya Refuge, shirika linalohifadhi wanawake wanaokimbia vipigo na manyanyaso. Wazo lake ni jepesi, kwamba kwa kila Helen wa kutunga kuna Helen wa kweli kibao, basi badala ya kumfokea Rob redioni toa chochote. Watu wakatoa pauni tano, pauni kumi, na kila mtu anaandika sababu yake chini ya mchango, na ukisoma zile sababu unakaa kimya, zingine ni za bibi wa miaka themanini anayesema leo ndo mara ya kwanza namwambia mtu. Ule mchango ulipita pauni 100,000 mwaka huohuo. Usiku wa kisu hela ziliingia kama mvua. Mashirika yanayopokea simu za wanawake walioko hatarini nayo yakasema simu zimeongezeka kipindi kile, ingawa hapo lazima tuwe wakweli, ni vigumu kusema ni simu ngapi zilisababishwa na mchezo na ngapi na magazeti yaliyokuwa yanauzungumzia mchezo.

Mwezi huohuo wa Februari, London, wasomi wapenzi wa mchezo wakafanya mkutano wao wa kwanza chini ya jina la Academic Archers, walioanzishwa na Cara Courage na Nicola Headlam, watu wa mipango miji, sheria, afya, lishe, kila mtu analeta mada yake kuhusu kijiji kisichokuwepo. Inachekesha, na wao wenyewe wanacheka, lakini mada za Helen pale hazikuwa za utani.

Na sheria nayo ilikuwa imeingia mlango wa pili. Tarehe 29 Desemba 2015, England na Wales zilianza kutumia kifungu cha 76 cha sheria ya makosa makubwa ya mwaka huo, kinachofanya kumbana na kumtawala mwenza wako kwa mfululizo kuwa jinai, kifungo mpaka miaka 5, hata kama hujamgusa kwa kidole. Waandishi wa The Archers walianza kisa chao kabla sheria haijaanza kutumika, mhariri wa kipindi hicho Sean O'Connor na wenzake wakawa wanashauriana na Refuge na Women's Aid, shirika jingine la kutetea wanawake, ili mambo yaende kama yanavyokwenda kweli. Kwa hiyo raia wa kawaida ambaye hasomi gazeti la serikali aliielewa sheria mpya kupitia Rob. Wakati huohuo, mwaka huohuo 2015, Kenya nayo ilipitisha sheria yake ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na humo umeandikwa ukatili wa kihisia na wa kiuchumi, siyo vipigo peke yake. Sidhani kama kuna mchezo wa redio uliofanya Wakenya wakakaa wanaibishania sheria hiyo jikoni.

Turudi usiku wa Aprili. Helen amefunga mizigo, chakula mezani, kuna kastadi, na mpaka leo ukimtajia shabiki wa Archers neno kastadi anajua unasema nini. Anamwambia Rob naondoka. Rob hakubali. Anamwekea kisu mkononi, anamwambia njia yake pekee ya kuondoka ni ajiue. Hapo Henry anaingia, Rob anamgeukia mtoto kwa ukali, na Helen anachoma. Kisha anampigia simu Kirsty. Hakumpigia mama yake.

Rob hakufa. Helen akakamatwa, na mambo yakapinduka kabisa, sasa aliyeko ndani ni yeye. Akajifungua mtoto wa kiume akiwa mikononi mwa dola, Rob anataka aitwe Gideon, Helen anataka Jack, na hata kwenye jina la mtoto unaona vita ni ileile. Akakaa gereza la akina mama na watoto wachanga, na humo akakutana na Kaz, mfungwa mwenzake, msichana asiye na shamba la wazazi wala wakili wa maana. Kaz kwangu mimi ni mhusika muhimu sana ambaye hakupewa nafasi ya kutosha. Maana ukweli ni kwamba Helen ni mtoto wa familia yenye ardhi, mweupe, amesoma, ana mama ambaye hata kama alichelewa kuona alipoona alipambana, na anatetewa na Anna Tregorran, wakili mzuri. Toa hivyo vitu vyote kimoja kimoja uone kisa kinaishia wapi. Waandishi walijua, ndo maana walimweka Kaz pale, lakini wakamtazama kwa dirisha tu wakaendelea na safari.

Kesi ikasikilizwa Septemba 2016. Mitandaoni ni #FreeHelen kila kona. Jess, yule mke wa kwanza, akaja kutoa ushahidi, na hapo ukasikia mwanamke mwingine anaeleza mambo yaleyale kwa maneno karibu yaleyale, ndo ikawa wazi kwamba Rob ana mtindo, hakuanzia kwa Helen. Na Helen mwenyewe kizimbani akasema kwa mdomo wake kwamba alibakwa na mumewe, kitu ambacho redioni hakikuwahi kusikika moja kwa moja, kilikuwa kinaashiriwa tu na mashabiki walikuwa wamegawanyika kama ndicho au sicho. Huo uamuzi wa kutokukipa kipaza sauti mi naupongeza. Wangeweza kurusha, wangepata wasikilizaji zaidi, hawakufanya hivyo. Tarehe 11 Septemba ikarushwa episodi ya saa nzima, wazee wa baraza wako chumbani wanajadili, na humo waliigiza watu wakubwa, Eileen Atkins, Catherine Tate, Nigel Havers. Helen akaonekana hana hatia.

Watu wakashangilia, na mimi hapo ndo ninapokuwa na maneno.

Miaka miwili na nusu mchezo ulituonesha kosa ambalo halina damu. Ulitufundisha kusikia gauni, funguo za gari, chakula, sauti ya upole. Halafu mwishoni ukaenda kwa njia ya zamani kabisa, damu, polisi, mahakama, wakili anasimama. Swali likabadilika kutoka "Rob amefanya nini" likawa "Helen amefanya nini". Sheria mpya ipo, ina miezi mitatu tu, kosa lake tumelisikia kwa masikio yetu, na anayepelekwa mahakamani ni mke. Rob hakuwahi kutiwa hatiani kwa lolote katika yale aliyomfanyia. Unaweza kusema ndivyo maisha yalivyo, na kweli wanawake wengi wako ndani kwa namna hiyo. Lakini wanawake wengi zaidi hawashiki kisu. Wanaondoka usiku na mfuko mmoja, au wanaondoka na kurudi mara tano, au hawaondoki kabisa, na hiyo safari ya kuondoka bila kisu ndo ambayo msikilizaji aliyejigundua angeihitaji zaidi, ya nani wa kumpigia, unalala wapi, shule ya mtoto inakuwaje, hela zako ziko kwa nani. The Archers ilikuwa na subira yote ya dunia kwenye kuingia mtegoni, kwenye kutoka ikatumia kisu.

Na hapo ndo nasema mashabiki walimaliza kazi ambayo skripti haikumaliza. Nenda kwenye yale mazungumzo ya kipindi kile utaona wanaelekezana namba za simu, wanaambiana weka nyaraka zako kwa rafiki, usimwambie unaondoka, ambayo ni ushauri wa kweli kabisa kwa sababu wakati wa kuondoka ndo hatari huzidi. Wahusika wa Ambridge walikosa shangazi wa kukaa na Helen akamwambia ukweli, basi mashangazi wakatokea nje ya redio, maelfu, na wengi wao hawajaonana hata siku moja.

Kwetu tunaijua hiyo hali, tena tuliianza mapema kuliko hiki kisa. Tembea na Majira, mchezo wa KBC ya Kenya wa miaka ya tisini, ulijengwa kwa mfano wa The Archers hasa, wakulima na visa vyao, na Urunana ya Rwanda iliyoanza 1999 kwenye matangazo ya BBC ya Maziwa Makuu nayo ilichota hukohuko. Ila ulio karibu zaidi na Helen ni Twende na Wakati wa Radio Tanzania, ulioanza 1993. Kule kulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori, kila kituo ana mwanamke, nyumbani kuna mkewe Tunu. Jina la Mkwaju lilitoka redioni likaingia mtaani, mwanaume mhuni anaambiwa acha u-Mkwaju. Watafiti wakauacha mkoa wa Dodoma bila mchezo huo miaka miwili ya kwanza ili walinganishe na kwingine, sijui Wagogo waliambiwa nini kwamba wao wasubiri. Na Tunu, ukimkumbuka, alichoka akaondoka akajitafutia riziki kwa biashara ndogo. Hakuchoma mtu. Redio nyumba nyingi miaka hiyo ilikuwa mali ya baba, yeye ndo anaiwasha na kuizima, kwa hiyo Tunu alikuwa anaondoka mbele ya akina Mkwaju wenyewe wameinama kwenye redio zao sebuleni. Hicho kisa natamani mtu akae akiandike vizuri, kwa sababu wenzetu wana rundo la maandishi kuhusu Helen na sisi wa Tunu tuna kumbukumbu za wazee na ripoti za wafadhili na watafiti.

Kuhusu Rob, alitokomea nje ya nchi, watu wakadhani yamekwisha. 2023 wakamrudisha, mgonjwa, uvimbe kwenye ubongo, anakufa, na anamtaka mwanae Jack, na anamwomba Alan, kasisi wa Ambridge, ambatize. Mashabiki wakalipuka upya, wako waliosema anayekufa asamehewe, wako waliosema hii nayo ni mbinu yake ya mwisho ya kuingia ndani ya nyumba ya Helen, amekosa mlango anapitia kanisani. Mi niko na hawa wa pili. Akafa mwaka huohuo, na kuna wasikilizaji ambao walirudi kusikiliza wiki hiyo tu, baada ya miaka saba ya kususa, kuhakikisha kwamba amekufa kweli.